Sukari ya Popi na jino nililochelewa kulitazama

Mbwa wangu Popi alianza kunuka mdomo karibu mwaka mzima kabla hajaanza kunywa maji kupita kiasi. Kiu ilinishtua, nikampeleka kwa daktari; harufu sikuitaja hata kidogo, kwa sababu niliihesabu kuwa sehemu ya uzee wake, kama mvi zilizokuwa zimeanza kuota kidevuni mwake. Nikirudi nyuma leo naona kwamba mambo hayo mawili yalikuwa yakieleza habari moja, nami nilisikiliza nusu yake tu kwa muda wa miezi mitano.

Tunaishi Morogoro, upande wa mji unaoelekea milima ya Uluguru, mimi, mama yangu mzazi na Popi, ambaye ni mbwa jike wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 12. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane na alikuwa hajafungwa kizazi. Wiki chache baada ya kutoka kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, alianza kumaliza bakuli lake la maji mara nne kwa siku, akawa anakojoa barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto wake, anakula kwa pupa na bado anakonda. Daktari wa mifugo alimtoboa sikio, akaweka tone la damu kwenye kipima sukari, na namba ikasoma milimoli 24 kwa lita, juu mno: Popi alikuwa na kisukari. Alinieleza kwamba kwa mbwa jike homoni ya projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili baada ya kila joto, awe na mimba asiwe nayo, na kwamba homoni hiyo huifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake; kwa hiyo kumfunga kizazi kulikuwa sehemu ya tiba. Alifungwa baada ya wiki tatu. Siku ile Popi alilala mezani kwa nusu kaputi, mdomo wazi na ulimi nje, mbele ya watu watatu, nami nikiwa mmojawapo, na hakuna aliyeuliza habari za meno.

Nina aibu yangu nyingine, ya kitaaluma. Nimefundisha biolojia kwa miaka 19, na kila mwaka nimewasimulia wanafunzi jinsi Joseph von Mering na Oskar Minkowski walivyoondoa kongosho la mbwa mwaka 1889 na mbwa huyo akapata kisukari, kisha jinsi Frederick Banting na Charles Best walivyoifikia insulini kwa majaribio ya mbwa mjini Toronto mwaka 1921. Katika miaka yote hiyo haikunijia hata siku moja kwamba mbwa wa nyumbani, asiyefanyiwa jaribio na mtu yeyote, anaweza kuugua ugonjwa huo mwenyewe na akachomwa sindano ileile asubuhi na jioni.

Sindano haikunitisha, kwa kuwa mama ana kisukari tangu mwaka 2009 na mimi ndiye ninayemchoma. Daktari alimwandikia Popi insulini ya binadamu, ile yenye weupe wa maziwa inayopatikana famasi, hivyo jokofuni zikakaa chupa mbili zinazofanana, nikaitofautisha ya Popi kwa plasta nyekundu. Tulianza na uniti tatu asubuhi na tatu jioni baada ya chakula. Sukari ilishuka kidogo, kisha ikapanda. Tukaenda tano, saba, tisa. Tulipofika uniti kumi, yaani karibu uniti moja kwa kila kilo ya mwili wake, daktari alikunja uso, akasema kwamba mbwa anayefika huko bila kutulia ana kitu kinachoipinga insulini, na kazi yetu sasa haikuwa kuongeza dozi bali kukitafuta kitu hicho.

Tukakitafuta kila mahali isipokuwa mahali kilipokuwa. Alikagua tarehe ya chupa, akaniuliza kama umeme hukatika sana kwetu, akanitaka nimwonyeshe jinsi ninavyoibiringisha chupa viganjani badala ya kuitikisa. Alitaka aone na bomba la sindano, kwa sababu ipo insulini ya wanyama yenye uniti 40 kwa kila mililita ilhali ya binadamu ina uniti 100, na mtu akichanganya mabomba hayo mawili anaweza kumpa mnyama dozi pungufu sana au dozi ya kumuua. Langu lilikuwa sahihi. Alipima mkojo akitafuta maambukizi ya kibofu, hakuyaona. Niliacha kumpa Popi makombo, nikawa ninampimia chakula kilekile kwa kiasi kilekile na saa ileile, mpaka mama akatania kwamba mbwa anafuata masharti ya kliniki kuliko yeye.

Katikati ya msako huo Popi akavimba chini ya jicho la kushoto. Daktari wetu alikuwa safarini, nikamwita mtaalamu mwingine ambaye sina haja ya kumtaja. Alisema ni nyuki, akamchoma deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na baada ya siku mbili uvimbe ulikuwa umetoweka kabisa. Nilimshukuru sana. Sukari ya Popi, iliyokuwa ikichezea kwenye 18 na 20, ilipita 30 wiki hiyo, nami sikuunganisha mambo hayo kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye uvimbe, na uvimbe ulikuwa umeondoka.

Aliyeifungua njia ni mama. Jioni moja nilikuwa ninalalamika huku ninafuta matone ya mkojo barazani, naye akanikatiza.

“Mwanangu, mimi nikienda kliniki hawaniulizi sukari peke yake. Wananivua viatu waone miguu, wananiambia nifungue mdomo waone fizi. Huyo mbwa wenu nani amemfungua mdomo?”

Nilichukua tochi ya simu, nikaketi chini, nikaliinua shavu la Popi kwa kidole gumba. Meno ya mbele yalikuwa meupe, na nadhani ndiyo yaliyonidanganya siku zote, maana ndiyo yanayoonekana mbwa anapohema. Chonge zilikuwa na duara la manjano kwenye shina. Nyuma ya hapo sikuliona jino. Niliona gamba la ukoga wa rangi ya kahawia, nene kama masizi yaliyoganda kwenye sufuria ya mkaa, na fizi nyekundu iliyotoa damu nilipoigusa kwa ncha ya kidole tu. Upande wa kushoto, lile jino kubwa la juu lilikuwa limepasuka ubavuni na kipande chake hakipo. Nikakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa Popi alikuwa akitafuna kwa upande wa kulia na kuinamisha kichwa, mtindo ambao nilikuwa nimewahi kuwaonyesha wageni kama kichekesho.

Daktari aliporudi alitazama kwa dakika moja tu. “Mwalimu,” akasema, “insulini yako inapotelea hapa.” Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: “Na mimi ningepaswa kuyaona haya siku ya kumfunga kizazi. Nilikuwa ninatazama tumbo.” Nilimheshimu zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa mengine yote aliyonifanyia.

Maelezo yake niliyaandika daftarini siku ileile. Jino lile kubwa la juu lina mizizi mitatu, na ncha za mizizi hiyo ziko karibu sana na sehemu iliyo chini ya jicho, ndiyo maana usaha wa jino hujitokeza usoni na watu wakadhani ni nyuki au mwiba. Deksa ilituliza uvimbe bila kugusa usaha, na kwa kuwa dawa za kundi hilo hupandisha sukari, Popi alipoteza pande zote mbili. Jambo la msingi lilikuwa lile ambalo hata kwa binadamu linajulikana: sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupigana kwa ulegevu, vidonda vya fizi hupona polepole, na bakteria hupata nafasi ya kushuka kati ya fizi na jino; fizi zikishaoza, mwili mzima huingia katika hali ya kupambana na maambukizi, inayoifanya insulini isisikilizwe, sukari inapanda tena, na fizi zinazidi kuharibika. Tulikuwa tumekaa miezi mitano tukivuta upande mmoja wa kamba hiyo.

Niliogopa nusu kaputi. Mbwa mwenye sukari ya 20 alazwe, na alale njaa kwanza? Kuna mtu alinipa njia ya mkato, akasema anaweza kumkwangua ukoga kwa chuma akiwa macho, nimshikie tu. Daktari alinionyesha kwa kalamu kwa nini isingefaa kitu: ukoga unaoonekana ni urembo mbaya, ugonjwa wenyewe uko chini ya ukingo wa fizi, na hakuna mbwa atakayekubali chuma kiingie huko akiwa na fahamu. Jino lingemeta na mzizi ungeendelea kuoza. Alinihakikishia pia kwamba hatari ya kulazwa hupungua kwa maandalizi, na maandalizi hayo alianza wiki moja kabla: damu ya figo na ini, kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili tatu zilizopita, na picha ya eksirei.

Utaratibu wa siku yenyewe naueleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndio nilioukosa kila nilipoutafuta. Popi alikula chakula chake cha jioni na kuchomwa dozi yake kamili, na baada ya saa nne za usiku hakupewa chakula tena, ila maji aliachiwa. Asubuhi nilimpima sukari, nikamchoma nusu ya dozi, uniti tano, bila chakula. Dozi kamili juu ya tumbo tupu ingemwangusha, na kumnyima kabisa kungeiachia sukari ipande bila kizuizi wakati mwili uko kwenye msukosuko wa upasuaji. Aliwekwa wa kwanza katika ratiba, saa mbili asubuhi, ili apate muda wa kuamka na kula siku hiyohiyo, akiwa nyumbani, kabla ya sindano ya jioni. Alipokuwa amelala walimpima sukari kila nusu saa, na dripu ya glukosi ilikuwa pembeni tayari. Waliifungua mara moja, sukari iliposhuka hadi 6 kwa kasi. Yalitoka meno saba kati ya 42 ya mbwa mkubwa, likiwamo lile lililopasuka, ambalo ililazimu likatwe vipande vitatu ili kila mzizi utoke peke yake. Chini ya mzizi wa nyuma kulikuwa na usaha.

Aliyelipasua jino lile ni mimi. Kila Jumapili nilikuwa ninampa mfupa wa goti la ng'ombe, nikiamini kwamba mifupa husafisha meno ya mbwa, kama wanavyoamini karibu watu wote ninaowajua. Mfupa mgumu hauna msamaha kwa jino lile kubwa, na daktari ana kipimo chepesi ambacho nimekishika: kitu ambacho ukucha wako hauwezi kukibonyeza hata kidogo, kisiingie kinywani mwa mbwa.

Alirudi nyumbani na mishono, dawa ya maumivu, vidonge vya kuua bakteria vya siku kumi na karatasi ya maelekezo. Jioni alikula ubwabwa laini wenye kuku aliyesagwa, akaumaliza. Karatasi ilisema abaki kwenye uniti tano mpaka siku ya saba atakapopimwa tena. Siku ya tatu niliona anakula kwa nguvu, anatafuna pande zote mbili, mkia unacheza, nami nikafikiri kama mpishi: chakula kamili, basi na dozi kamili. Nikamrudishia uniti kumi.

Siku ya nne, saa nane usiku, mama aliniita. Alikuwa amesikia kucha zikikwaruza sakafu. Nilimkuta Popi anatembea huku anagonga ukuta, miguu ya nyuma imelegea kama ya mlevi, mwili unatetemeka, na nilipomwita hakugeuka. Kipima kilisoma 2.1. Vipima vya binadamu husoma chini kidogo ya hali halisi kwa damu ya mbwa, lakini mbwa anayetetemeka namna ile haachwi mtu abishane na mashine. Mama tayari alikuwa ameshika chupa ya asali. Hatukummiminia mdomoni, kwa kuwa angeweza kupaliwa. Nilichovya kidole nikampaka kwenye fizi, juu ya mishono ileile, tena na tena. Baada ya kama dakika kumi aliinua kichwa akanitazama kwa macho yanayonijua. Akala. Tukampima kila nusu saa mpaka adhana ya alfajiri, na saa moja asubuhi tulikuwa mlangoni kwa daktari, ambaye hakunigombeza, akaniuliza tu kama karatasi aliyonipa ilikuwa imepotea.

Dozi ya uniti kumi ilikuwa dozi ya mbwa mwenye usaha kinywani. Usaha ulipoondoka, insulini ilianza kusikilizwa, na kiasi kilekile ambacho wiki moja kabla hakikutosha kikawa sumu. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa: nilikuwa nimetegemea kwamba kutibu meno kungeishusha sukari, sikutegemea kwamba kungeigeuza sindano yangu kuwa hatari. Alitulia kwenye uniti tano mara mbili kwa siku, na mpaka leo hajazidi sita.

Mswaki tulianza baada ya wiki mbili, fizi zilipofunga. Nilianza na kidole kilichofungwa kitambaa chenye supu ya kuku isiyo na chumvi, sekunde chache tu, upande mmoja. Wiki iliyofuata pande zote. Ndipo ukaja mswaki laini wa mtoto. Husuguliwa upande wa nje wa meno, ule wa shavu, nywele za mswaki zikiwa zimeinama kuelekea ukingo wa fizi, maana hapo ndipo utando laini hujijenga. Utando huo hurudi ndani ya saa chache na kwa siku mbili tatu hugeuka gamba lisilotoka kwa mswaki, kwa hiyo anayepiga mswaki mara moja kwa wiki anapiga gamba. Sisi hufanya kila jioni, baada ya chakula na sindano, vyote vitatu vikifuatana, na malipo yake ni kipande cha tango badala ya biskuti.

Dawa ya meno ya binadamu haiingii kinywani mwake. Mbwa hatemi, humeza, na floridi iliyomo haimfai. Kibaya zaidi, baadhi ya dawa hizo, kama bigijii nyingi zisizo na sukari, zina zailitoli, kitamu ambacho kwa binadamu hakina neno ila kwa mbwa hulifanya kongosho limwage insulini kwa ghafla na huweza kuliharibu ini. Neno “isiyo na sukari” kwenye pakiti linaweza kumvutia mtu mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani, na ndipo ajali hutokea. Mama sasa hufungia bigijii zake mkobani. Dawa ya meno ya mbwa niliagiza Dar es Salaam, na ikiisha ninatumia maji matupu, kwa kuwa kinachoondoa utando ni kusugua.

Jirani yetu, mzee mcheshi ambaye hukaa barazani na kijiti chake cha mswaki, alinitazama jioni kadhaa kabla ya kushindwa kuvumilia. “Mwalimu, sisi wengine mate ya mbwa tunayakimbia, nawe unayafuata mpaka ndani?” Tulicheka. Ndoo ya vifaa vya Popi hukaa peke yake kwenye bomba la nyuma, na kabla ya kumsalimu mzee kwa mkono huwa nimenawa, naye anajua.

Popi ana miaka kumi sasa. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, kama inavyowatokea mbwa wengi wenye kisukari, hivyo kabla ya kumgusa mdomo hugonga mswaki kwenye bakuli mara mbili ili ajue ni mimi na ni kwa kazi gani. Mwezi uliopita daktari alikuta jino dogo la chini linacheza, na atalazwa tena wiki ijayo, wa kwanza katika ratiba. Karatasi ya maelekezo imebandikwa mlangoni mwa jokofu, na chini yake mama ameongeza kwa mwandiko wake mkubwa: Dozi isirudishwe mpaka daktari aseme.